Tani 44,000 Begani, Mpakani Malaba

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inakataza lori kuzidi tani 56, gari na mzigo wake pamoja. Madereva wanaopanga foleni Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, wanaijua vizuri, maana mizani haina urafiki. Sasa tuseme kwenye foleni hiyo ametokea Steve, shujaa wa gemu ya Minecraft, kwa miguu.

Steve ana nafasi 36 za kuwekea vitu, kila moja ikipokea bloku 64, na kila bloku ni mita moja ya ujazo. Akizijaza dhahabu, ambayo mita yake ya ujazo ina uzito wa tani 19.3, atakuwa amebeba zaidi ya tani 44,000. Huo ni uzito wa malori karibu 800 yaliyojaa pomoni, na jamaa bado anarukaruka.

Siri ni kwamba humo ndani hakuna mizani. Kompyuta imeandika tu: nafasi ya kwanza, dhahabu, 64. Haikuambiwa ipime, haipimi.

Skyrim, gemu ya mwaka 2011, ilijitia kupima, na hapo ndipo vituko vilipozidi. Mchezaji huanza na kikomo cha uzito wa 300. Akipitiliza kidogo tu, mbio zinakwisha, anajikokota. Lakini sarafu za dhahabu hazina uzito wowote, hata ziwe milioni. Wabadilisha fedha wa mpaka wa Busia, wanaofunga mabunda ya shilingi za nchi mbili kwa mpira, wangehamia huko kesho asubuhi.

Humohumo, mchezaji akimvika mwenye duka ndoo kichwani, anaweza kumwibia bidhaa zote mbele yake. Mwenye duka hashtuki wala haivui. Kumbe mhusika huyo "huona" kwa mstari unaotoka kichwani mwake hadi kwa mwizi. Kitu kigumu kikiukata mstari, mwizi hayupo. Kwa wafanya magendo ni habari njema, ingawa katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, maofisa wa Kenya na Uganda hukaa chini ya paa moja. Ndoo zingehitajika nyingi.

Polisi wa gemu ya GTA San Andreas (2004) nao? Wakimfukuza CJ, mhusika mkuu, kwa helikopta, anaingia gereji, gari linapakwa rangi, anatoka, na kesi inasahaulika. Dereva ni yuleyule, sura ileile, kioo kiko wazi.

Tukirudi Minecraft, mtu angeweza kuuchimba Mwamba wa Tororo kuanzia chini hadi kilele kibaki kikielea juu ya mji, kwa kuwa bloku za mawe haziulizi zimeegemea nini. Kuzikagua zote kila mara kungeilemea kompyuta. Mchanga na kokoto, hata hivyo, huanguka. Mchimba mchanga afukiwe, mchimba mwamba aende zake nyumbani salama!