Mama, Likizo Imeisha: Mtoto Atanyonya Vipi?

Leo tunazungumza na mama aliyeajiriwa, hasa wewe wa mashamba ya maua ya Naivasha, na wewe wa kiwanda au duka hapa Nakuru mjini.

Kliniki tunakwambia mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Asipewe maji wala uji. Likizo ya uzazi nayo ni miezi 3. Hapo ndipo akina mama wanapotuuliza, "Sista, hiyo miezi mingine nitafanyaje?" Wengine humwanzishia mtoto uji mwepesi mapema "ili azoee." Mara nyingi kinachofuata ni kuhara, na mama anaanza kuomba ruhusa kazini kila mara.

Kwanza jua haki yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na ukirudi unarudia kazi yako. Siku zako za likizo ya mwaka hazipungui kwa sababu ulijifungua. Mjulishe mwajiri kwa maandishi, angalau siku 7 kabla. Baba naye ana wiki 2 za malipo. Azitumie kufua na kupika, si kukaa na marafiki sokoni!

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, penye maji ya kunawa, kiti na friji au kitu kingine cha kupoza. Choo hakikubaliwi. Tena unapewa muda wa kukamua, mbali na ule wa chakula, usiozidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, na muda huo unalipwa.

Najua mtasema, "Sista, hayo ni ya karatasi." Akina mama wengi wananiambia shida kubwa ni supavaiza, hasa wiki za kuelekea tarehe 14 Februari, maua yanapotakiwa ng'ambo na pakhaus haipumui. Kwa maoni yangu, supavaiza anayeelewa humsaidia mama kuliko tangazo lililobandikwa ukutani. Basi zungumza naye kabla hujaenda likizo, si siku ya kurudi. Akikataa, nenda kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au ofisi ya Leba. Msiende mmoja mmoja. Mkiwa watano mtasikizwa.

Sasa kukamua. Anza kujizoeza wiki 2 kabla ya kurudi kazini. Ukiwa kazini, vua koti la kazi kwanza na unawe mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kwa sababu dawa ya kunyunyizia maua hushika nguo na ngozi. Tumia kikombe kisafi chenye mdomo mpana na kifuniko. Weka kidole gumba juu ya sehemu nyeusi ya titi na vidole vingine chini, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachilie. Usivute chuchu. Mwanzoni hutoka matone tu, usife moyo.

Mahali penye kivuli na baridi maziwa hukaa salama kwa muda wa saa 4. Kwenye friji hukaa siku 4. Usiyachemshe. Tia kikombe ndani ya maji ya moto yapate joto kidogo.

Nawe mlezi, iwe ni nyanya nyumbani au mama wa deikea kule Karagita, mnyweshe mtoto kwa kikombe, si chupa, kwani chupa ni ngumu kusafisha. Atakayoyabakisha yamwagwe.

Mama akifika nyumbani, amnyonyeshe mtoto kabla ya kushika sufuria, na usiku kila anapotaka. Titi likiwa gumu, jekundu na lenye maumivu, endelea kunyonyesha, na ukipata homa njoo kliniki siku hiyo hiyo.