Je, Wajua? Simu Ilipanda Gari Kabla ya Kuingia Mfukoni

Je, wajua kwamba gari lilikuwa na simu kabla mkono haujawa nayo? Tarehe 17 Juni 1946, mjini St. Louis, Marekani, huduma ya simu za garini ilianza rasmi kwa mtu kupiga simu akiwa ndani ya gari lake. Mtambo wenyewe ulikuwa na uzito wa kilo 36 hivi, karibu sawa na mbuzi mzima wa mnada wa Kizota. Kwa hiyo tunapolalamika kwamba simu imeingilia kazi ya udereva, tukumbuke nani alitangulia wapi. Garini ndiko ilikoanzia matembezi yake.

Mkononi ilifika miaka 27 baadaye. Tarehe 3 Aprili 1973 Martin Cooper, mhandisi wa Motorola, alisimama kandokando ya mtaa wa New York na simu yenye uzito wa zaidi ya kilo moja, akampigia Joel Engel wa kampuni pinzani ya Bell Labs kumtambia kwamba amemzidi mbio. Tazama sasa mambo mengine ya mwaka huohuo. Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya 1973. Na mwezi Oktoba TANU ikatangaza kwamba makao makuu ya nchi yatahamia Dodoma. Simu ya mkononi, sheria ya barabarani na Dodoma makao makuu ni rika moja, wamezaliwa mwaka mmoja, na sasa ndio wanaokutana kila asubuhi kwenye mzunguko wa magari wakati watumishi wanakwenda kwenye ofisi za serikali Mtumba.

Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, Mobitel, ilianza kazi mwaka 1994. Ina maana sheria yetu ilikuwa na umri wa miaka 21 ndipo ikaona sura ya simu hiyo. Waliokaa kuiandika walifikiria breki, taa, pombe, mwendo na uzembe wa dereva, na hilo la mwisho ndilo lenye upana wa kumeza mambo mengi ambayo hawakuyaota. Dereva wa leo akikutwa na simu sikioni, anajua maongezi yake na trafiki yataelekea wapi: faini ya papo kwa hapo ni shilingi 30,000. Majirani zetu Kenya walitaja kosa kwa jina lake katika kanuni za mwaka 2016: dereva anayetumia simu gari likitembea, shilingi 2,000 za kwao.

Je, wajua gari linakwenda umbali gani wakati unasoma "uko wapi"? Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mabasi na malori, gari linakula mita 22 kila sekunde. Kutazama kioo cha simu kwa sekunde tano ni kuendesha mita 111 bila macho. Uwanja wa mpira ni mfupi kuliko hapo. Yaani dereva ameingia langoni kwa timu moja, amevuka katikati, ametokea nyuma ya nyavu za timu nyingine, na bado hajaandika "nipo Bahi".

Na Bahi naitaja kwa makusudi. Ukitoka Dodoma kwenda Singida, barabara ikishafika kule chini inanyooka, ardhi ni tambarare, majaruba ya mpunga huku na mibuyu kule, na mbele unaona lori likiwa dogo kama kiberiti. Barabara ya namna hiyo inadanganya. Dereva wa milimani, anayeshuka Kitonga kwa mfano, hahitaji kuambiwa aweke simu chini, kona zenyewe zinamwambia. Wa uwanda wa kati haambiwi na chochote. Anaona kilomita tatu tupu mbele yake, anasema moyoni kwamba dakika moja haina neno. Kumbe nyuma ya kichaka kuna kijana wa Kigogo na ng'ombe thelathini, na ng'ombe hawana indiketa. Halafu tambarare inaisha ghafla, unaanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni, malori yanatambaa, na yule aliyezoea utupu wa Bahi bado yuko katikati ya sentensi.

Wengi watajibu kwamba wao hawashiki simu. Wana spika za masikioni, au gari linaongea lenyewe. Bodaboda wa Dodoma wana ufundi wao zaidi: simu inachomekwa kati ya helmeti na shavu, mikono yote miwili iko kwenye usukani, maongezi yanaendelea kuanzia Majengo hadi Nkuhungu. Ukimgombeza anakuonyesha viganja vyake. Mikono ipo, anasema, tatizo liko wapi?

Jibu lake walilitafuta watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah wakiongozwa na David Strayer. Waliwaweka watu 40 kwenye mtambo unaoiga gari, wakawapima wakiendesha kawaida, wakiongea na simu, na wakiwa wamekunywa pombe hadi kufikia kiwango cha 0.08 katika damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Watatu waligonga gari la mbele, na wote watatu walikuwa kwenye simu, walipokunywa pombe hakuna aliyegonga. Na kushika simu au kutoishika hakukuleta tofauti. Kile kiwango cha 0.08, ikiwa hukukijua, ndicho ukomo wa pombe katika sheria yetu ya 1973. Sisemi mlevi ni dereva bora. Mlevi wa barabarani ni janga linalojulikana, na hata yeye mwenyewe akiamka anajua. Mtu wa simu anafika nyumbani akidhani aliendesha vizuri.

Kinachotokea ni kwamba macho yanatua juu ya kitu lakini akili haikipokei. Katika majaribio mengine ya watafiti haohao, madereva waliokuwa kwenye maongezi walitazama vibao vya kando ya barabara, macho yao yakapimwa kwamba kweli yalivitazama, na baadaye wakashindwa kukumbuka vingi kati ya hivyo. Waswahili husema mtu "ametumbua macho haoni". Tulidhani ni matusi tu.

Hapo linakuja swali ambalo kila abiria mwerevu huuliza: mbona dereva anaongea na konda njia nzima na hatupati ajali? Swali hilo nalo lilipimwa Utah. Madereva waliambiwa watoke barabara kuu wakifika sehemu fulani ya mapumziko. Waliokuwa wakiongea na mtu aliyekaa pembeni yao karibu wote walitoka panapotakiwa. Waliokuwa wakiongea kwa simu, karibu nusu walipapita. Ni kama kutumwa mahindi Kibaigwa ukajishtukia uko Gairo. Sababu ni kwamba aliyekaa pembeni anaiona barabara. Bajaji ikichomoka, ananyamaza. Gari likianza kulipita lingine, anasubiri. Na kizuri zaidi, anasema: "Mzee, hapo ndipo pa kuingia." Aliyeko kwenye simu, awe Mbagala au Muscat, haoni ng'ombe, na anaendelea kudai hela yake.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo utingo wa lori anapostahili heshima ambayo hajawahi kupewa. Watu wanamjua kama kijana wa kuweka jiwe nyuma ya tairi na kufunga turubai. Lakini lori lenye utingo lina mtu wa simu. Tajiri akipiga, utingo anapokea: "Bosi anaendesha, sema nimwambie." Jambo likiwa dogo analimaliza yeye, likiwa kubwa gari linatafuta pa kuegesha. Nchi zenye magari yanayojiendesha nusu zimelazimika kubuni programu ya kuchuja simu za dereva. Sisi tumekuwa na programu hiyo tangu enzi za Leyland, inakula ugali na kulala juu ya mzigo.

Hata kabla ya simu madereva walikuwa na simu yao. Taa zikimulikwa mara mbili mchana kweupe, dereva anayekuja anajua mbele kuna trafiki. Matawi ya mti yakitandazwa barabarani, kuna gari limeharibika. Ujumbe mfupi, wa bure, na unahusu barabara yenyewe, kwa hiyo hauyatoi macho pale yanapotakiwa kuwa. Siku hizi wamehamia kupigiana: "Kuna tochi kabla ya Kintinku." Sasa fikiria hesabu yake. Mtu anaondoa akili barabarani kwa nusu dakika ili akwepe kifaa kinachopima kama anakwenda kwa mwendo wa kuua.

Je, wajua kuna wanaoruhusiwa? Uingereza ilipiga marufuku simu ya kushika kwa mkono tarehe 1 Desemba 2003, na tangu 25 Machi 2022 marufuku hiyo inagusa hata kupiga picha na kuchagua wimbo. Adhabu ni pauni 200 na pointi sita kwenye leseni. Lakini sheria yao imeacha milango midogo. Mmoja ni kupiga 999 au 112 kwa dharura ya kweli ambapo kusimama ni hatari au haiwezekani. Mwingine ni kulipa kwa simu pale dirishani unaponunua chakula bila kushuka, mradi gari limesimama. Huo wa pili ulinichekesha, maana kwetu kila mtu analipa kwa simu tangu M-Pesa ilipoingia mwaka 2008, na dereva wa daladala anapokea nauli ya mwanafunzi, anatuma hesabu ya tajiri na anakopa salio, gari likiwa gia ya tatu.

Mlango wa dharura ndio unaonigusa, kwa sababu uwanda wa kati ni mpana. Kutoka kijiji cha ndani ya vichaka vya Itigi hadi penye daktari wa upasuaji ni safari, na kuna sehemu simu yenyewe inatafutiwa mtandao kwa kupanda kichuguu. Mwezi Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapa Dodoma upanuzi wa m-mama kwa nchi nzima, mfumo uliokuwa umejaribiwa Sengerema na Shinyanga. Mama mjamzito au mzazi akipata shida, namba ni 115, haina malipo. Mhudumu wa kituo cha uratibu anauliza dalili, anaamua ukubwa wa tatizo, anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, anampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa, mwenye gari lake la kawaida, na malipo ya dereva huyo yanaingia kwenye simu akishamfikisha mgonjwa.

Mfumo huo wote umesimama juu ya simu, lakini angalia nani anaishika. Kuuliza, kupanga, kuitaarifu hospitali inayompokea, ni kazi ya aliyekaa kwenye kiti kisichotembea. Hiyo ndiyo dharura ya kufa na kupona, na hata hapo simu amepewa mtu mwingine. Basi dharura ya "nimekutumia, umeona?" ina uzito gani?

Treni nazo zina hesabu yake. Septemba 12, 2008, huko Chatsworth, California, dereva wa treni ya abiria alikuwa akiandikiana ujumbe kwa simu yake, akapita taa nyekundu, akakutana uso kwa uso na treni ya mizigo. Walikufa watu 25. Naitaja kwa kuwa tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, na wapo wanaodhani reli, kwa vile haina usukani, inajiendesha.

Je, wajua kwamba abiria akifungua mdomo, ajali zinapungua? James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu za Kenya, zikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Katika magari yaliyochaguliwa kubandikwa stika, madai ya bima yalishuka kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Karatasi tu, yenye maneno na picha, ikawapa watu ruhusa ambayo walikuwa nayo siku zote.

Nilikuwa kwenye basi kutoka Singida kuja Dodoma, tumeshaipita Manyoni, tunashuka. Simu ya dereva ikaita, akaitia sikioni, na kwa sauti yake tukajua ni ugomvi. Tulikuwa watu hamsini na kitu. Kila mmoja alikuwa na simu ya kumrekodi na hakuna aliyekuwa na ulimi. Bibi mmoja wa kiti cha mbele, ana kikapu mapajani, akainama akamgusa bega.

"Baba, hiyo simu mpe kijana wako aongee. Wewe tushushe mlima."

Dereva akamtazama kwenye kioo. Nadhani alitaka kujibu kitu, akakuta ni mtu wa umri wa mama yake. "Sawa, bibi." Akampa konda.

Konda akasikiliza, akajikuna kichwa, akageuka kutuangalia abiria kana kwamba mmoja wetu ana jibu, kisha akamwinamia dereva. "Anasema matenga yake matatu ya kuku hayamo kwenye orodha. Anauliza kama tuliyapakia kweli."

"Mwambie yako juu," akasema dereva, macho mbele.

Bibi akatega sikio kuelekea paa. "Mbona hawalii?"