Hisa, Akiba na Anayebeba Hasara

Mwanachama wa chama cha akiba na mikopo (SACCOS) huweka fedha za aina mbili, hisa na akiba, na wengi huzihesabu kuwa kitu kimoja. Sivyo. Hisa ni umiliki, nazo hutangulia kuliwa na hasara. Akiba ni deni la chama kwa mwanachama.

Tuchukue mfano. Chama kimekopesha shilingi milioni 100: milioni 10 zimetokana na hisa na ziada iliyolimbikizwa, milioni 90 ni akiba za wanachama pamoja na mkopo wa benki. Mvua ikikatika, ufuta ukaharibika na mikopo ya milioni 12 isirejeshwe, mtaji wote umekwisha, na milioni 2 zinakosekana katika fedha za watu.

Kwa nini hisa huwa chache? Sababu imo katika umiliki wenyewe. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa tano au mia tano. Mwenye fedha nyingi hapati sauti zaidi kwa kununua hisa, hivyo huona heri aongeze akiba, ambayo aghalabu ndiyo humpimia kiwango cha mkopo. Katika kampuni kura hufuata hisa. Mtaji hupatikana upesi, lakini uamuzi waweza kuhamia kwa mtu asiyepata kufika Mbangala. Kura moja ni kinga nzuri, ila gharama yake ni mtaji mwembamba, na wanachama hawaelezwi hilo vya kutosha.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji, zikiwamo Benki ya Wananchi Njombe na Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera. Wateja wao walilindwa na bima ya amana, kwa kikomo cha shilingi 1,500,000 wakati huo. Akiba za SACCOS hazimo katika bima hiyo. Kwa hiyo, kabla ya mkutano mkuu kupitisha gawio, mwanachama aulize ni kiasi gani cha ziada kinabaki chamani.

VICOBA ni habari nyingine: karibu fedha zote ni za wenyewe, na vingi hugawana mwisho wa mzunguko. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka daraja la nne, na usajili wake hufanyika kupitia halmashauri.