Posho na Vyeo: Jinsi Vicksburg Ilivyotekwa

Mji wa Vicksburg uko juu ya miinuko, mahali mto Mississippi ulipokuwa ukijipinda kama kiwiko. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia 1861 hadi 1865, mizinga ya Kusini iliyowekwa hapo iliufunga mto kwa meli za Kaskazini. Mwishoni mwa 1862 majenerali wawili wa Kaskazini walitaka heshima ya kuuteka: Ulysses S. Grant na John McClernand. Uhasama wao hauwezi kutenganishwa na suala la posho, kwa kuwa kila mmoja aliathiri mwendo wa mikate na risasi.

McClernand alikuwa mwanasiasa wa Illinois kabla ya kuvaa sare. Oktoba 1862 alipewa kibali cha siri huko Washington: akusanye askari wapya katika majimbo ya Illinois, Indiana na Iowa, kisha awaongoze kuteremka mto. Grant, kamanda wa eneo hilo, aliachwa asikie fununu tu. Henry Halleck, mkuu wa majeshi, hakuwaamini majenerali wa kisiasa, naye akamruhusu Grant kuwatumia askari wote walioingia katika eneo lake. Basi Grant akamwagiza jenerali wake, William T. Sherman, awapakie melini upesi huko Memphis. McClernand alipofika mwishoni mwa Desemba, askari walikuwa wameshaondoka.

Haraka hiyo iligharimu maisha. Sherman alitakiwa kushambulia kutoka mtoni wakati Grant akishuka nchi kavu kwa kufuata reli, na jeshi zima la Grant lilitegemea reli hiyo moja. Mzigo wake haukuwa mdogo: farasi mmoja peke yake alipangiwa karibu kilo 12 za majani makavu na nafaka kwa siku, na jeshi lilikuwa na maelfu ya farasi na nyumbu. Shehena ililimbikizwa katika ghala la Holly Springs. Alfajiri ya tarehe 20 Desemba, Jenerali Earl Van Dorn wa Kusini alilivamia na wapanda farasi wapatao 3,500, akateka walinzi karibu 1,500 na kuchoma vyakula, nguo na baruti. Siku hizohizo Nathan Bedford Forrest, naye jenerali wa Kusini, alikuwa aking'oa reli na kukata nyaya za telegrafu magharibi mwa Tennessee. Grant akarudi nyuma. Sherman, ambaye habari hazikumfikia, alishambulia kupitia vinamasi vya Chickasaw Bayou, karibu na Vicksburg, na kupoteza watu zaidi ya 1,700 waliouawa, kujeruhiwa au kutoweka.

Katika kurudi huko Grant aligundua jambo lililobadilisha vita. Alituma magari yake mashambani, hadi kilomita 24 kila upande wa barabara, yakarudi yamejaa mahindi na nyama. Nchi ya adui ilikuwa ghala.

Januari 1863 McClernand alimpokonya Sherman uongozi, lakini tarehe 30 Grant alikuja mwenyewe na kushika amri. McClernand alibaki na kikosi chake kikuu na manung'uniko yake, aliyoyapeleka hadi kwa Rais Lincoln.

Usiku wa tarehe 16 Aprili meli za Kaskazini zilipita chini ya mizinga ya Vicksburg, na tarehe 30 zilivusha askari huko Bruinsburg, kusini mwa mji. Mara nyingi husimuliwa kwamba Grant alijikata kabisa na ugavi wake. Si kweli. Nyama na nafaka zilitoka mashambani, lakini magari yaliendelea kuleta biskuti ngumu, kahawa na chumvi kutoka Grand Gulf, kando ya mto. Hata magari ya fahari ya matajiri yalikokotwa yakiwa yamesheheni risasi.

Upande wa Kusini nao uligawanyika. Rais Jefferson Davis alimtaka Jenerali John Pemberton asiuache Vicksburg. Jenerali Joseph Johnston alimwamuru atoke waungane. Pemberton alishika njia ya tatu: alikwenda kukata njia ya ugavi ya Grant, ambayo Grant hakuitegemea sana. Tarehe 16 Mei alishindwa vibaya Champion Hill, akakimbilia ndani ya ngome.

Katika shambulio la tarehe 22 Mei, McClernand alidai kwamba watu wake wameshika sehemu ya ngome mbili, akaomba msaada. Mashambulizi yakarudiwa na watu wengi wakafa bure. Baadaye alitoa magazetini, bila idhini, waraka wa kukisifu kikosi chake. Grant alimwondoa tarehe 18 Juni.

Ndani ya mji posho ilipunguzwa mara kwa mara, mikate ikapikwa kwa unga wa kunde, na mwishowe nyama ya nyumbu ikaliwa. Tarehe 4 Julai 1863 Pemberton alisalimu amri na askari zaidi ya 29,000. Askari wa Kaskazini walioingia walitoa mikate mikobani mwao, wakawapa wale waliokuwa wakiwashindisha njaa kwa siku 47.