Nani anampima shosho presha?

Umemtumia shosho chapaa kwa M-Pesa, poa. Presha je, nani anampima? Ikonge, kaunti ya Nyamira, kazi hiyo ni ya mhudumu wa afya ya jamii, anayepita nyumba kwa nyumba kati ya mashamba ya majani chai. Posho iliyotangazwa 2023 ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Hailipi keja nyingi Nairobi.

Na si presha tu. Shosho akianza kusahau njia ya nyumbani, mara nyingi huo ni ugonjwa wa ubongo. Jirani asiyejua huuita uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati wakidaiwa kuwa wachawi.

Ukipiga simu nyumbani, uliza mhudumu alipita lini.