Gnulib: Msimbo Unaohama Pamoja na Programu

Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C kwenye Linux inaweza kugoma ikipelekwa AIX au Windows, ingawa hakuna herufi yake hata moja iliyobadilishwa. Mara nyingi chanzo ni maktaba ya C inayokuja na mfumo endeshi. Viwango kama POSIX hutaja fanksheni ambazo mfumo unapaswa kuwa nazo, lakini mfumo mmoja hukosa fanksheni fulani, mwingine unayo ila ina hitilafu. Hata pale kanuni zinapofuatwa, tofauti hazikosekani. Programu ikiomba kumbukumbu ya baiti sifuri kwa malloc(0), kanuni za C zinaruhusu majibu mawili: maktaba ya GNU hurudisha anwani halali, AIX hurudisha anwani tupu. Programu iliyozoea kuona anwani tupu kuwa dalili ya kumbukumbu kuisha itajifunga bure.

Zamani kila mradi ulijitibu wenyewe kwa viraka, na kiraka kile kile kiliandikwa upya katika miradi kadhaa. Mradi wa GNU ulikusanya tiba hizo mahali pamoja, katika Gnulib, hazina yenye mamia ya moduli ambayo hutumiwa na coreutils, grep, sed, tar na bison. Tofauti na maktaba za kawaida, Gnulib haisakinishwi kwenye kompyuta ya mtumiaji. Msimbo wake chanzo hunakiliwa ndani ya mradi na kusafiri nao, hivyo anayeipokea programu hahitaji hata kujua kwamba Gnulib ipo. Uamuzi huo ni wa busara sana, kwa sababu mashine yenye mfumo wa kizamani ndiyo ambayo haitarajiwi kuwa na maktaba mpya.

Kazi ya kunakili hufanywa na gnulib-tool, chombo kinachoendeshwa kwa amri kwenye terminali. Mfano mzuri ni getline, fanksheni inayosoma mstari wa urefu wowote kutoka kwenye faili. Ilianzia kwenye maktaba ya GNU, ikaingizwa katika POSIX mwaka 2008, na maktaba ya C ya Windows bado haina. Anayeihitaji husimama kwenye saraka kuu ya mradi wake na kuandika:

gnulib-tool --import getline

Chombo husoma kwanza maelezo ya moduli, faili fupi la maandishi linalotaja mafaili yake, leseni yake na moduli inazozitegemea. Getline inaitegemea getdelim, nayo getdelim ina mategemeo yake; chombo hufuata mnyororo wote hadi mwisho, kisha huorodhesha kila kitakachoingizwa. Msimbo wa C huwekwa katika saraka ya lib, na makro za uchunguzi katika saraka ya m4. Mwishoni hukumbusha yaliyobaki kwa mkono: kuita gl_EARLY na gl_INIT ndani ya configure.ac, na kuongeza lib/Makefile kwenye orodha ya mafaili yanayotengenezwa. Mwandishi pia huunganisha programu na libgnu.a, maktaba inayotokana na msimbo huo.

Uhondo wenyewe umo katika makro. Skripti ya configure, inayozalishwa kutokana na configure.ac na makro hizo, inapoendeshwa kwenye mashine ya mtumiaji, haitosheki kuuliza kama jina getline lipo, maana kuna mifumo iliyokuwa na fanksheni ya jina hilo isiyohusiana kabisa na hii. Kwa hiyo huunda faili dogo lenye maneno foo na bar, kila neno kwenye mstari wake, hukusanya (compile) programu fupi na kuiendesha, kisha hukagua kama mstari wa kwanza umerudi na herufi 4, yaani foo pamoja na alama ya mwisho wa mstari. Mfumo ukifaulu, fanksheni yake hutumika na nakala ya Gnulib huachwa bila kukusanywa. Ukishindwa, nakala hiyo huchukua nafasi kwa jina rpl_getline, huku msimbo wa mwandishi ukiendelea kuita getline kana kwamba kila mfumo duniani unatii kanuni. Hakuna kiraka kinachoonekana katika msimbo huo, na hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Leseni nazo huangaliwa. Mradi ukiomba moduli za LGPL, leseni yenye masharti mepesi kuliko GPL, kwa chaguo la --lgpl, kisha moduli mojawapo ikawa ya GPL pekee, chombo husimama na kuitaja.

Gharama ya kunakili ni kwamba nakala huzeeka. Hitilafu ikirekebishwa katika Gnulib, mradi haupati dawa hiyo mpaka mwenyewe aifuate. Kwa sababu hiyo amri iliyotumika huhifadhiwa katika faili la m4/gnulib-cache.m4, na gnulib-tool --update huisoma na kuleta matoleo mapya ya moduli zile zile. Kuhariri mafaili ya lib moja kwa moja hakufai, kwani usasishaji unaofuata utaleta mafaili ya Gnulib juu yake. Mabadiliko ya mradi huwekwa katika saraka ya pembeni inayotajwa kwa chaguo la --local-dir. Kwa miaka mingi chombo hiki kilikuwa skripti ya shell, na miradi yenye moduli nyingi ilisubiri sana. Mwaka 2024 kiliandikwa upya kwa Python, na kasi yake ikapanda mara kadhaa bila amri zake kubadilika.