Mwalimu Mkuu na Walimu Wake Wakati wa Mabadiliko

Januari 2024 shule za Tanzania Bara zilianza kutumia mitaala mipya, kufuatana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Elimu ya msingi inapungua kutoka miaka 7 hadi 6, na mkazo umewekwa kwenye umahiri, yaani yale ambayo mwanafunzi anaweza kuyatenda. Kwa mwalimu, maana yake ni kuweka kando maandalio ya masomo aliyoyazoea na kuanza upya, mara nyingi mbele ya darasa lililojaa.

Je, mwalimu huyu anasaidiwa na nani? Wa kwanza ni mwalimu mkuu.

Mitindo miwili ya uongozi

Mwaka 1978 Mmarekani James MacGregor Burns alitofautisha uongozi wa kupeana, ambapo anayetimiza agizo hupata tuzo, na uongozi unaowainua watu wenyewe. Shule inahitaji yote mawili. Pasipo ufuatiliaji wa vipindi, kazi hulegea. Lakini mwalimu mkuu anayekagua tu huletewa makaratasi safi. Mwalimu ambaye hajaelewa mada hunakili andalio la mwenzake na kunyamaza, akiogopa kuonekana hajui. Anayeumia ni mtoto.

Mwalimu mkuu anayewainua walimu:
- hutenga muda katika ratiba ili walimu wajifunze pamoja. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) unahimiza mafunzo ya namna hiyo shuleni;
- huingia darasani kuangalia kipindi, kisha huzungumza na mwalimu faraghani;
- hugawa majukumu, hata mwalimu kijana akaongoza mada anayoimudu;
- huwaeleza wazazi mabadiliko, ili lawama zisimwangukie mwalimu peke yake.

Tunachoziomba kamati na wafadhili

Mnapotembelea shule, pamoja na kuhesabu madawati, ulizeni: walimu hukutana lini kujadili masomo? Anayekwama humwendea nani? Majibu yatawaonyesha kama vitabu mlivyotoa vinatumika au vimefungiwa kabatini.

Chai ya kikao, nauli ya mwezeshaji na nakala za muhtasari ni gharama ndogo kuliko darasa jipya. Tunawasihi mziingize katika bajeti zenu. Jengo hukamilika likakabidhiwa. Mwalimu huhitaji kutiwa moyo kila muhula.